Jamaa Ikipumzika Pamoja



Juma hili nataka kuwasimulia habari za safari. Msidhani nataka kujisifu kwamba nimefika Ulaya. Wengi wamefika huko kabla yangu. Nawasimulia kwa sababu ya neno moja nililoambiwa huko usiku na binti yangu mwenyewe. Neno lile lilinichoma moyo, nami naona lafaa lisikiwe na kila baba na kila mama asomaye gazeti hili.

Binti yangu wa tatu ni muuguzi katika nchi ya Uswisi. Amefunga ndoa huko na mtu wa nchi ile, fundi seremala, mkristu mwema. Mungu amewajalia watoto wawili: mvulana ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11, na msichana wa miaka 7. Mwanzoni mwa mwaka 2023 aliniandikia hivi: "Baba, njoo mwezi wa Julai. Tutakwenda sote mlimani siku saba, kupumzika." Nauli walilipa wao.

Nilipowaambia jirani zangu, walicheka sana. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wapanda ndege kwenda kupumzika? Hapa kwako umekosa kiti?" Mwingine akasema, "Kupumzika ni kazi ya matajiri. Sisi tutapumzika kaburini." Nami nilicheka pamoja nao, maana kwa kweli niliwaza kama wao. Nimefundisha shule miaka 36. Nimelima kahawa, nimefuga, nimekuwa katika kamati ya parokia na katika chama cha ushirika. Kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu, tena na jamaa yangu yote, sikupata kufanya hata mara moja.

Lakini barua ile ilikuwa na maneno mengine chini, ambayo sikuwasomea jirani. Yalisema: "Baba, nyumbani kwetu si kuzuri. Hatugombani, lakini hatuonani. Mimi narudi kutoka kazi ya usiku, yeye anatoka kwenda kazini. Twapishana mlangoni kama abiria wa basi. Mtoto wetu wa kiume hasemi tena na baba yake." Basi nikaona sharti niende.

Mahali tulipokwenda panaitwa Zermatt. Ni kijiji katika mkoa wa Wallis, ambao tangu zamani ni mkoa wa Wakatoliki. Kimekaa katika bonde lenye kimo cha meta 1,600 hivi, yaani juu kidogo kuliko Lushoto. Juu yake umesimama mlima mmoja ulio peke yake, uliochongoka kama jino la mnyama. Jina lake Matterhorn, na kimo chake ni meta 4,478. Sisi tunaokaa chini ya Kilimanjaro twaweza kujivuna, maana hata Meru wetu waupita kidogo kwa urefu. Lakini kwa umbo sijaona mlima kama ule. Ukiutazama asubuhi jua likiupiga, wasahau ulichotaka kusema.

Mtaniuliza: Mwezi wa Julai watu waenda kufanya nini katika mlima wa theluji? Nami niliuliza hivyo. Basi sikilizeni. Zermatt yajulikana duniani kote kwa mchezo wa theluji. Wakati wa baridi, tangu Desemba mpaka Aprili, mabonde yote hufunikwa na theluji, na watu hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, wakateleza toka juu mpaka chini kwa mbio kama mtu aliyepanda baiskeli mteremkoni bila breki. Ili wasipande tena kwa miguu, zimejengwa nguzo kubwa za chuma, na juu ya nguzo pamepita waya nene, na katika waya vyaning'inia vijumba vya kuchukulia watu. Vijumba hivyo hupanda mlima vikipita hewani, juu ya magenge na misitu.

Sasa, majira ya kiangazi ya Ulaya ni Juni, Julai na Agosti, wakati ambao kwetu ni kipupwe na mawingu hufunika mlima. Huko theluji ya mabondeni huyeyuka yote. Panapotelezwa wakati wa baridi huota majani mabichi na maua, na ng'ombe wenye kengele shingoni hula chini ya zile nguzo za chuma. Wageni hawaji kuteleza, bali huja kutembea kwa miguu, kupumua hewa safi na kukaa na watoto wao ambao shule zao zimefungwa. Ni wachache tu wanaopanda juu kabisa, karibu meta 3,900, penye barafu isiyokwisha mwaka mzima, ili wateleze hata mwezi wa Julai.

Hata mimi nalifikiri kwamba kiangazi ni mabaki tu ya wakati wa baridi. Sivyo. Wageni wa kwanza wa Zermatt walikuja wakati wa kiangazi. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza, wakiongozwa na Mwingereza Edward Whymper. Walipokuwa wakishuka, mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na wanne wakafa. Kipande cha kamba ile kimewekwa katika nyumba ya makumbusho kijijini, nami nimekiona: chembamba, hata mbuzi mkubwa nisingemfunga nacho. Habari za vifo vile zilienea Ulaya nzima, na watu wakazidi kuja kuutazama mlima. Reli ilifika kijijini mwaka 1891. Kupanda kuja Zermatt kwa treni wakati wa baridi, kwa ajili ya kuteleza, kulianza tu mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo kupumzika kulitangulia, na mchezo ukafuata.

Magari ya petroli hayaruhusiwi kuingia Zermatt. Mkwe wangu aliacha gari lake katika kijiji cha chini kiitwacho Täsch, tukapanda treni ndogo. Nilipotoka stesheni nilisikia sauti za maji ya mto, na kengele, na viatu vya watu. Zaidi ya hapo ni kimya, ila vigari vidogo vya umeme vinavyopita polepole na mizigo ya hoteli.

Nami niliona vitu vilivyonifurahisha kuliko hoteli zao. Katika sehemu ya zamani ya kijiji yamebaki maghala ya nafaka ya mababu zao. Yamejengwa kwa magogo yaliyokuwa meusi kwa jua, nayo yamesimama juu ya miguu ya miti. Juu ya kila mguu, kabla ya sakafu, limelazwa jiwe bapa la mviringo kama sahani kubwa. Kwa nini? Ili panya akipanda mguu afike chini ya jiwe, ashindwe kupita. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Watu hawa walikuwa wakulima maskini kama sisi, na adui yao alikuwa yule yule wa kwetu! Tena, kila siku asubuhi na jioni wakati wa kiangazi, kundi la mbuzi hupitishwa katikati ya njia kuu, mbele ya maduka ya saa za dhahabu. Wageni hukimbilia kupiga picha. Nilimwambia mjukuu wangu wa kike, "Kwetu mbuzi wakipita dukani, watu hukimbilia fimbo."

Jambo moja zaidi, kwa faida ya wenye kihamba. Wageni walipoanza kuja, wenyeji wa Zermatt hawakuwaachia wenye fedha kila kitu. Jamaa za wenyeji wa asili zina ushirika wao wa zamani, wenye mashamba na misitu. Mwaka 1879 ushirika huo ulifungua hoteli kubwa iliyojengwa kwa nguvu za wanakijiji wenyewe, nayo ni mali yao hata leo. Anayetaka kuuza shamba lake kwa mgeni wa kwanza anayefika na gari zuri, na atafakari kidogo.

Lakini nirudi kwa jamaa yangu.

Tulipanga vyumba viwili vidogo na jiko juu ya duka la mikate, maana hoteli za huko ni ghali mno. Binti yangu alinieleza kwamba walikuwa wameweka akiba muda wa miaka miwili kwa ajili ya juma lile, na kwamba hata Waswisi wengi hawawezi kwenda. Jioni ya kwanza aliweka sheria moja. Simu zote, yake na ya mumewe na ya mvulana, ziliingia ndani ya sufuria, sufuria ikafunikwa, ikawekwa juu ya kabati. Ya kwangu pia.

Wapenzi, nisiwadanganye. Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Watu waliozoea kutoonana, ukiwaweka katika chumba kimoja, hawapendani mara moja. Mkwe wangu alitembeatembea kama mtu aliyepoteza funguo. Binti yangu alilala mchana, maana mwili wake ulizoea kazi ya usiku. Mvulana alikaa dirishani amenuna. Baba yake akimwuliza neno, alijibu kwa neno moja. Siku ya pili walibishana juu ya viatu, na siku ya tatu juu ya mkate. Nilikaa pembeni na rozari yangu, nikawaza: Fedha zote hizi, na tumesafiri njia yote hii, kuja kununa!

Jumapili tulikwenda Misa katika kanisa la parokia, kanisa la Mtakatifu Mauritius. Kando ya kanisa pana makaburi ya watu waliokufa milimani, wengi wao vijana. Nilisoma majina na umri wao. Jumanne, tarehe mosi Agosti, ambayo ni sikukuu ya taifa lao, waliwasha mioto jioni, nasi tulisimama njiani tukaitazama ile mianga milimani. Hata pale mvulana alisimama upande mmoja na baba yake upande wa pili, na mimi katikati.

Siku ya sita ndipo ilipotokea habari yangu. Kuna ziwa dogo juu ya kijiji, liitwalo Schwarzsee, maana yake Ziwa Jeusi, kwenye kimo cha karibu meta 2,600. Ukingoni mwake pana kanisa dogo la mawe, kanisa la Bikira Maria wa Theluji. Sikukuu yake, kama mjuavyo, ni tarehe 5 Agosti. Wenyeji husimulia kwamba zamani watu wawili wa Zermatt walipotea katika ukungu huko juu, wakamwomba Mama Maria, ukungu ukafunguka, wakaona njia. Kwa shukrani wakamjengea kanisa.

Binti yangu alipanga hivi: mimi kwa ajili ya magoti yangu, yeye na yule msichana mdogo, tupande kwa vile vijumba vya waya mpaka ziwani. Mkwe wangu na mvulana washukie njiani, mahali paitwapo Furi, wapande kwa miguu, mwendo wa saa mbili na zaidi. Mvulana hakutaka. Akasema magoti yake pia yanauma. Baba yake akasema, "Twende." Wakashuka. Kijumba chetu kilipoinuka niliwaona chini: baba mbele, mtoto nyuma hatua ishirini, kila mmoja anatazama ardhi yake.

Tulifika ziwani, tukatazama, tukala mkate. Kisha ukungu ukaja. Ninyi mnaokaa milimani mwaujua. Haukuja kama mvua inayoonekana kwa mbali. Ulipanda kutoka bondeni kama moshi wa jikoni, na kwa dakika chache ziwa halikuonekana, wala mlima, wala njia. Tuliingia katika lile kanisa dogo. Saa mbili zikapita. Ikapita nusu saa tena. Simu zilikuwa ndani ya sufuria. Binti yangu hakusema kitu, lakini mikono yake haikutulia. Basi nikatoa rozari. Mimi na yeye tulisali kwa Kiswahili, na mtoto akaitikia kwa Kijerumani, maana Salamu Maria kwa Kiswahili alikuwa hajaizoea. Mama Maria, nafikiri, hakupata shida.

Tulikuwa katika fumbo la nne tuliposikia sauti nje. Ilikuwa sauti ya mtoto akisema mfululizo, kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa. Tulitoka mlangoni. Wakatokea ukunguni wote wawili, wamelowa. Baba alikuwa amebeba mifuko miwili, wake na wa mwanawe. Mtoto alikuwa amevaa koti la baba yake lililomfika magotini, naye alikuwa akisema, akisema, akionyesha kwa mikono, na baba yake akiitikia kwa kichwa. Hawakupotea. Ukungu ulipokuja walikaa tu chini ya mwamba, wakangoja, bila kazi, bila simu, bila pa kwenda. Walisemezana nini pale chini ya mwamba, sijui. Ilikuwa kwa Kijerumani, nami sikuuliza.

Usiku ule tulikula viazi na jibini iliyoyeyushwa motoni, chakula cha watu wa Wallis. Mvulana na baba yake walisuguana mabega mezani kama ndama. Watoto walipolala, mkwe wangu aliosha vyombo, na mimi na binti yangu tukakaa barazani. Mlima ulikuwa mweupe chini ya mwezi. Ndipo aliponiambia lile neno.

Alisema, "Baba, nilipokuwa nikingoja leo, nilikuwa nikitafuta kukumbuka siku ambayo wewe ulikaa nasi hivi. Sikuipata. Nakukumbuka ukitoka na nakukumbuka ukirudi."

Wapenzi, sikuwa na jibu. Nilitaka kusema: Nilikuwa nikiwatafutia ada ya shule. Nilitaka kusema: Nilikuwa kwenye kamati ya kanisa, nikijenga nyumba ya Mungu. Yote hayo ni kweli, naye alijua ni kweli. Sikuwa mlevi, sikuwapiga mama yao wala wao, sikuwanyima chakula. Lakini alikuwa hakunishtaki, bali alikuwa akikumbuka. Nami nikamwaza mama yao, ambaye Mungu alimwita mwaka 2011. Siku zote alisema, "Tukishamaliza nyumba, tutakaa." Nyumba tulimaliza. Kukaa hatukupata.

Baada ya kitambo binti yangu akacheka kidogo, akasema, "Ngoja, Baba. Iko moja. Ile siku basi lilipoharibika tukitoka sokoni. Tulikaa chini ya mkuyu tangu saa nane mpaka jioni. Ukatusimulia habari za sungura na fisi, ukaiga sauti zote. Mama alicheka mpaka akalia. Siku ile naikumbuka yote, hata nguo niliyovaa."

Mimi siku ile nalikuwa nimeisahau. Kwangu ilikuwa siku iliyopotea. Nalikasirika sana juu ya lile basi.

Basi hilo ndilo lililonifanya niandike. Twadhani watoto wetu watakumbuka jasho letu. Labda watalishukuru, wakiwa wakubwa. Lakini wanachokumbuka ni saa tuliyokaa nao tukiwa hatuna pengine pa kwenda.

Wengine mtasema: Mwalimu, hizo ni anasa za Ulaya. Sivyo. Mungu mwenyewe, alipokwisha kuumba, alipumzika siku ya saba, akatuamuru nasi tupumzike. Bwana wetu Yesu Kristu, Mitume walipomrudia wamechoka hata hawana nafasi ya kula, hakuwaongezea kazi, bali aliwaambia waende naye kando, mahali pasipo watu, wapumzike. Na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, akiwa Papa, mwezi wa Julai 1984 alikwenda katika barafu ya mlima Adamello huko Italia, akateleza kwa mbao kama alivyofanya ujanani kwao Poland. Baadaye, miaka mingi, alikwenda kupumzika wakati wa kiangazi katika bonde la Aosta, ng'ambo ya milima ile ile ya Zermatt. Kama Baba Mtakatifu, mwenye mzigo wa dunia nzima, aliona sharti apumzike, wewe na ekari yako moja wajiona mkubwa kuliko yeye?

Wala usingoje. Huko Zermatt nilipanda siku moja mpaka mahali pa kutazamia barafu kuu. Mkwe wangu alinionyesha kwa kidole mahali barafu ilipofika alipokuwa mtoto. Sasa ni mawe matupu. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu za Uswisi zilipoteza karibu sehemu moja katika kumi ya zote zilizokuwapo. Mwaka 2022, mwishoni mwa Julai, hata kule juu kabisa iliwapasa kusimamisha mchezo wa kiangazi kwa muda, kwa sababu ya joto. Nasi twajua habari za mlima wetu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa ilikuwa karibu kilometa 12 za mraba. Mwaka 2011 haikufika 2. Tulidhani ile theluji ya milele itatungoja. Watoto nao hawangoji. Leo ana miaka saba, kesho ana barua ya kazi mkononi.

Sasa, mtu wa kijijini afanyeje? Nitasema niliyojaribu mwenyewe niliporudi.

Kwanza, chagueni siku moja, mkisha kuvuna na kabla ya kupalilia tena. Itajeni mapema mbele ya watoto, ili baba asiweze kuigeuza. Isiwe Jumapili ya kuacha Misa. Mkiichagua Jumapili, Misa ije kwanza.

Pili, tokeni nyumbani. Si lazima iwe mbali. Mkibaki nyumbani, mama ataona vyombo na baba ataona ua uliobomoka. Nendeni mtoni, au penye mti mkubwa, au kwa bibi wa ng'ambo ya kilima. Nendeni wote, hata yule kijana aliyenuna. Huyo hasa.

Tatu, mama naye apumzike. Hili nalisema kwa akina baba. Siku ya mapumziko ambayo mama ameamka saa kumi usiku kupika, akabeba chungu kichwani, akaosha vyombo mtoni, hiyo si mapumziko yake. Chakula kipikwe jana yake, wavulana wabebe, na baba achote maji. Hatapungukiwa na heshima. Mkwe wangu aliosha vyombo siku saba na heshima yake nimeiona imezidi.

Nne, simu ziingie sufuriani. Wala baba asiseme, "Nitapita kwanza kwa fulani kudai deni langu." Mkipita kilabuni siku imekwisha.

Tano, msikate tamaa ikiwa saa za kwanza ni za kununa. Kaeni tu. Ukungu una kazi yake.

Mtauliza yule binti yangu na mumewe wameendeleaje. Sitawaambia kwamba shida zote zimekwisha, maana hazijaisha. Bado ni kazi nyingi na maisha ghali. Lakini aliomba apunguziwe zamu za usiku, akapunguziwa mbili. Jioni mbili kila juma wanakula pamoja wote wanne, na sufuria ile ile inakaa juu ya kabati na simu ndani yake.

Nami, mwaka 2024, baada ya kuvuna, niliwaita wanangu wawili waliobaki hapa nyumbani, na wake zao, na wajukuu. Tulikwenda mtoni, mwendo wa saa moja. Tulibeba ndizi, jogoo mmoja aliyepikwa jana yake, na chumvi. Saa ya kwanza kila mmoja alitazama saa yake. Kisha mjukuu mmoja akaniuliza, "Babu, kweli wajua kuiga sauti ya fisi?" Kumbe shangazi yake alikuwa amempigia simu, akamwambia aulize.

Nilikuwa sijaiga sauti ya fisi miaka thelathini. Nilijaribu. Haikuwa nzuri. Lakini walicheka wote, hata wanangu wenye mvi, na hakuna aliyetazama saa tena mpaka jua likatua.

Basi wapenzi, chagueni siku yenu. Jamaa Takatifu ya Nazareti iwaombee. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.